Maji Yanapanda Ukuta wa Mama

Machi 4

Masika yameanza. Kwaraa, mlima wetu, ilijifunika mawingu tangu asubuhi, na saa kumi jioni mvua ikashuka yote kwa pamoja. Nimekinga ndoo nne na sufuria kubwa. Daftari la zamani limejaa, hili ni jipya.

Machi 6

Mvua. Zahanati wagonjwa kumi na wawili, malaria watatu.

Machi 9

Leo nikipiga deki chumbani kwa mama mkwe nimeona mstari chini ya ukuta wa upande wa kaburi la baba mkwe. Umekolea kuliko ukuta wenyewe, kama mtu amepitisha kitambaa kibichi. Nimegusa, ni baridi. Nimepima kwa rula ya Evelyne: sentimita 14 kutoka sakafuni. Nimeweka alama ya penseli na tarehe. Mama amenikuta nimepiga magoti.

"Mama Evelyne, unaandika nini ukutani? Mtoto akiandika unamchapa."

"Ni maji, mama. Yanapanda."

"Maji yanashuka. Tangu nizaliwe yanashuka. Umemwaga mwenyewe ukideki."

Sikubishana. Chumba ni chake, nyumba ni yake, mimi ni mke wa mwanawe. Rogath yuko machimboni Mirerani na huja mara moja kwa miezi mitatu. Nyumbani tunaishi watatu: mama, mimi na Evelyne wa darasa la nne.

Machi 12

Sentimita 17.

Machi 15

Sentimita 20. Nimeanza kufikiri.

Nyumba hii aliijenga marehemu baba mkwe, Mzee Sosthenes, aliyetoka Rombo akiwa kijana kuja kununua mahindi na alizeti. Msingi ni wa mawe, kuta ni za tofali mbichi zilizopigwa lipu nyembamba. Msaidizi wake alikuwa mwanawe wa pili, Venance, ambaye sasa ni fundi na anakaa Bonga. Kati ya msingi na tofali fundi huwa anatandika nailoni, maji ya ardhini yasipite. Nina hakika Venance hakutandika. Ni mtu wa "itafaa tu". Kwangu aliweka mlango ambao hadi leo unafungwa kwa kuuinua.

Leo kazini, maabara ya zahanati, mzee mmoja wa Kimasai, Lesikar, alikuja kupimwa wingi wa damu. Nilimtoboa kidole, nikagusisha mrija wa kioo, ule mwembamba, kwenye tone. Damu ikaingia na kupanda yenyewe kama kawaida. Akanishika mkono.

"Nani anainyonya?"

"Hakuna, babu. Kioo kinaishika, damu nayo inajivuta yenyewe. Mrija ukiwa mwembamba zaidi inapanda juu zaidi."

Aliutazama muda mrefu. "Basi hicho kioo kina kiu," akasema.

Kidato cha tatu mwalimu wetu wa fizikia alisimamisha mirija mitatu kwenye maji ya rangi, mnene, wa kati na mwembamba. Tulibishana kabla ya kuona. Mimi nilisema maji yatapanda juu zaidi kwenye mnene, kwa sababu una nafasi. Nilikosea mbele ya darasa zima, ndiyo maana sijasahau. Tofali mbichi ni mirija tupu, myembamba kuliko huu wa maabara, maelfu kwa maelfu, na miguu yake iko majini.

Machi 16

Nimemweleza mama habari ya mirija. Amesema, "Na huyo mwalimu wako alijenga nyumba ngapi?"

Machi 18

Sentimita 23. Juu ya mstari kumeota unga mweupe. Nimeulamba, ni chumvi. Naipanoi, jirani anayetuletea maziwa, alinikuta nikitema.

"Mama Evelyne, mimba hiyo?"

"Chumvi ya ukutani."

"Ndiyo mimba." Amecheka hadi ameweka dumu chini. Kisha akaingia, akagusa ukuta kwa kiganja kizima, na kicheko kikaisha. "Kwetu mvua ikija mwanamke anaipaka nyumba upya kwa mkono. Inakwambia inapoumwa. Nyinyi mkishapiga rangi, mnaisahau."

Machi 21

Mvua siku nzima. Evelyne ana kikohozi.

Machi 24

Venance alikuja kumsalimia mama. Nilimwonyesha alama zangu, tarehe na vipimo. Alizisoma moja moja, mikono mfukoni.

"Shemeji, mgonjwa ana homa pia? Umempima joto?"

"Nakuuliza kitu kimoja tu. Nailoni ulitandika?"

Kicheko kikamtoka. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa na baba amesimama nyuma yangu na pimamaji. Unadhani ningeacha?"

"Basi maji yanapitaje?"

"Sijui," alisema, halafu akaangalia nje dirishani, kwenye baraza, na hakuendelea. Niliona ni mtu anayetafuta uongo. Mama akaingilia: apige lipu ya simenti, na juu yake rangi ya mafuta, ukuta upate kuonekana wa mtu mwenye watoto.

Nilisema hapana. Nilisema ukifunga ukuta, maji hayarudi chini. Sasa hivi yanatokea kwenye uso na kukauka, yakizibiwa yatatafuta pa kutokea juu zaidi. Tukampigia Rogath. Amesema, "Msikilize fundi."

"Kaka kasema lipu, mama kasema lipu," Venance akaniambia mlangoni, taratibu. "Shemeji kasema mirija. Tufanyeje?"

Machi 26

Lipu na rangi ya mafuta, kijani, hadi usawa wa kiuno, sentimita 90. Alama zangu zote zimefunikwa. Ninazo hapa.

Machi 30

Ukuta ni mzuri. Mama amemwita Naipanoi aje auone.

Aprili 3

Hakuna kitu. Mvua.

Aprili 7

Hakuna kitu. Mama amenisalimia na kuniuliza, "Maji yako yamefika wapi?"

Aprili 13

Yamefika sentimita 96. Doa limetokea juu ya rangi ya kijani, urefu wa ukuta mzima, kama pindo la gauni lililoloa. Nimegonga lipu kwa kifundo cha kidole. Chini inalia kama ngoma, imeachana na tofali.

Nilikuwa sahihi. Nimekaa kitandani kwa mama nikiangalia doa hilo na sikupata raha yoyote. Nimempelekea Rogath picha na vipimo vyote tangu Machi 9. Nilitaka aone kwamba Venance hajui kazi.

Aprili 14

103. Nimemwomba mama ahamie chumbani kwa Evelyne mpaka mvua iishe. Amekataa. Nimeomba mara ya pili baada ya chakula. Amesema nisirudie.

Aprili 18

Naandika mapema, kabla sijaanza kujitetea.

Leo Alhamisi nilikuwa na zamu ya mapumziko, mvua ikapumzika pia. Mama alikwenda sala za jumuiya. Nilichukua sululu, nikaenda upande wa kaburi, nikaanza kuchimba kwenye pembe ya baraza. Nilitaka kufika kwenye msingi, nione mahali ambapo nailoni haipo, nipige picha. Hilo tu.

Lazima nieleze baraza. Mzee Sosthenes alifariki Januari ya mwaka jana. Mchaga huzikwa kwao, kihambani, kwenye shamba la ukoo, na ndugu wa Rombo walikuwa wameshaandaa. Lakini mzee alikuwa ametaka azikwe hapa Nakwa, kwenye kiwanja alichokinunua kwa jasho lake, na ikawa hivyo. Ndugu waliondoka na maneno: mkubwa wao kaachwa porini. Basi mwaka huu ilipokaribia misa ya kumbukumbu, tukajua watakuja tena, na watatazama kila kitu. Mimi ndiye niliyesema tuzungushe baraza nyumba nzima, wageni wapate pa kukaa, nyumba ionekane ya watu. Nilibeba kifusi kwa ndoo jioni baada ya kazi. Venance akashindilia na kumwaga simenti juu. Siku ya misa ndugu wa Rombo walikaa pale kwa safu, mgongo ukutani, wakala, na mmoja akasema mzee kapumzika pazuri. Mama alilia kwa furaha.

Nimechimba mpaka nikakuta mawe ya msingi, yamepangwa vizuri. Nimefuata mawe kwenda juu. Juu ya mawe kulikuwa na nailoni nyeusi. Nene, imekunjwa mara mbili, imetokeza vidole viwili nje ya ukuta kama inavyotakiwa. Miaka kumi na tano na haina hata tundu.

Na baraza liko juu yake. Kifusi changu kimepanda kupita nailoni kwa shubiri nzima na kulala kwenye tofali. Udongo wa baraza umeloa toka chini hadi juu. Maji hayakuhitaji kupita kwenye nailoni. Nilikuwa nimeyajengea ngazi pembeni yake.

Niliingiza kidole kwenye tofali lililogusana na kifusi. Kikaingia hadi pingili ya pili.

Venance alinikuta nimekaa ndani ya shimo. Alikuwa amekuja kuangalia lipu. Alisimama, akaangalia nailoni, akaniangalia.

"Umeiona," akasema.

"Ulijua?"

"Nilianza kujua siku ile umeniuliza."

"Mbona hukusema?"

Akakuna kichwa. "Nikuambie nini, shemeji? Januari nilikuambia tuache mfereji kati ya baraza na ukuta. Ulisema nini?"

Sikukumbuka. Kwa kweli sikukumbuka, na nilimwambia hivyo. Niliingia ndani nikatoa daftari la zamani. Januari 11, mwandiko wangu mwenyewe: *Venance anachelewesha kazi. Anataka kuacha mfereji upana wa jembe kati ya baraza na ukuta, eti maji. Nimekataa. Pataonekana pabaya na wageni watatumbukiza miguu.* Nimepiga mstari chini ya "eti".

Nilimsomea. Hakucheka.

"Tulibomoe leo," nikasema. "Lote upande huu."

"Huwezi. Tofali za chini zimeshakuwa uji. Sasa hivi hilo baraza ndilo limeushika ukuta. Ukiliondoa, ukuta unakuangukia." Aligusa ukuta kwa mgongo wa mkono, kama mtu anavyomgusa mtoto shingoni. "Ni kusubiri jua. Na mama atoke humo."

Tumefukia shimo pamoja kabla mama hajarudi.

Aprili 19

Venance ameleta mirunda sita akaegemeza ukuta kwa ndani. Mama ameuliza kama chumba chake kimekuwa banda la ng'ombe.

Nimemwambia. Nimemkalisha nikamwambia yote: mfereji, nailoni, kifusi, mimi. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Kwa hiyo hutaki nilale kwangu kwa sababu wewe ulikosea."

"Ukuta unaweza kuanguka, mama."

"Nikitoka chumbani watasema nyumba haikaliki. Ikiwa haikaliki watasema mama hana pa kukaa. Kisha watasema Rombo kuna nyumba ya tofali za simenti, imefungwa, haina mtu." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Wakishanifikisha Rombo, siku nikifa unadhani watanipakia kwenye gari wanirudishe kwa Sosthenes? Walimkosa yeye. Hawatanikosa mimi."

Nimekaa naye Nakwa miaka kumi na moja. Nilidhani ni mbishi tu.

Aprili 20

111.

Aprili 21

Rogath amepiga. Ameangalia vipimo nilivyompelekea na amemwonyesha fundi wa kule machimboni. Amesema mama aondoke, aende Rombo, mvua ikiisha tutaona.

"Tusubiri jua kidogo, Baba Evelyne. Venance ameweka mirunda."

"Si wewe uliyenitumia? Sentimita hizi, tarehe hizi. Umeandika mwenyewe ukuta utaanguka."

"Nilikuwa natafuta kosa la Venance."

"Umelipata?"

Nikamwambia la kwangu. Akasema haijalishi ni la nani, ukuta ni ule ule. Hilo ni kweli. Angenigombeza ningekuwa na la kusema.

Aprili 22

Mvua usiku na mchana. 114.

Aprili 25

116. Kazini nimekosea kuandika jina la mgonjwa kwenye karatasi ya majibu. Nimerekebisha kabla haijatoka.

Aprili 28

Nimelala chumbani kwa mama, kwenye mkeka, kati ya kitanda na ukuta. Sijui nitafanya nini ukianguka. Mama amesema, "Unakoroma," na baada ya muda, "Kuna blanketi juu ya kabati."

Aprili 30

Mkeka tena. Mama huongea na marehemu mzee kabla ya kulala, si sala, ni habari za siku: bei ya vitunguu, Evelyne kapata ngapi. Jana alimwambia, "Mkamwana wako amehamia huku. Anakulindia ukuta." Nilijifanya nimelala.

Mei 1

Mvua.

Mei 2

Mvua. 118.

Mei 5

Leo haikunyesha. Kwaraa imeonekana hadi kileleni.

Mei 9

Siku ya tano ya jua. 118, haijapanda. Nimempelekea Rogath. Hajajibu, lakini amesoma.

Mei 12

117! Nimepima mara tatu. Nimemwita mama aje asome rula mwenyewe. Alitafuta miwani, akasoma, akasema, "Mia na kumi na saba," akaniangalia kama mimi ndiye niliyeyashusha.

Venance alikuja jioni akabandua lipu ya simenti yote aliyoipiga mwenyewe, polepole, kwa ncha ya mwiko, ukuta upate kupumua. Ilitoka kwa mapande makubwa kama ganda la yai lililochemshwa. Nilishika beseni chini yake.

"Siku ile ulisema ukweli kuhusu lipu," akasema akiwa amenipa mgongo.

"Na wewe kuhusu mfereji."

"Basi tumetoshana. Sogeza beseni."

Nimekuwa nikiandika juu ya mtu huyu miaka yote hii, madaftari matano. Leo nilipitia baadhi. Karibu kila mahali nimeandika alichochelewesha, sikuandika kwa nini alichelewa. Ule mlango: alisema mbao hazijakauka tusubiri mwezi. Nilikataa kusubiri.

Mei 16

113. Jua kali. Kwenye tofali zilizobaki wazi kuna nyufa ndogo ndogo. Venance anasema ni kawaida, udongo ukikauka unajikunja.

Mei 18

110. Rogath amesema sawa, mama abaki, atakuja mwezi wa saba tubomoe baraza na kurudishia tofali za chini kwa zamu. Nimemwambia mama. Ameimba akiosha vyombo.

Mei 21

Ukuta umeanguka.

Saa tano kasoro asubuhi, jua linawaka, hakuna upepo. Mimi nilikuwa zahanati. Naipanoi alikuja mbio bila viatu hadi kwenye dirisha la maabara, na kwa uso wake nilijua kabla hajasema. Nilimwacha mtu ameshika pamba kwenye kidole.

Njiani nikamuuliza kitu kimoja, akasema, "Yuko nje. Yuko nje, kimbia taratibu." Sikukimbia taratibu.

Ukuta uliangukia ndani. Tofali za chini zilikauka kwa nje, katikati zilikuwa bado laini. Zikajikunja, zikaachia, na mirunda ikaenda nao. Kitanda hakionekani. Bati limening'inia. Ukisimama kwenye kaburi unaona chumba chote: kabati, picha ya arusi, gauni la Jumapili kwenye msumari, vumbi tupu.

Mama alikuwa kaburini anang'oa majani. Hilo ndilo lililomwokoa. Nilimkuta amekaa kwenye vigae vya kaburi, kiganja kimejaa majani, hataki kuyaachia. Nilipiga magoti mbele yake.

"Mama, umeumia?"

"Nilikuwa namweleza kwamba yameshuka," akasema. "Nimefika kwenye mia na kumi."

Nilianza kumtoa majani mkononi, jani moja moja.

Mei 22

Venance amefunika kwa turubai. Mama analala na Evelyne.

Mei 25

Rogath amefika. Amezunguka nyumba mara mbili. Jioni walikaa wanaume wawili, yeye na Venance, na simu katikati, ndugu wa Rombo wakiwa upande wa pili. Mimi nilipeleka chai na kukaa karibu na mlango.

Nilisema chumba kinaweza kujengwa kwa wiki tatu, kiangazi chote kiko mbele. Sauti ya simu ikauliza, "Nani huyo anaongea?" Rogath akajibu, "Mama Evelyne." Ikasema, "Ahaa," na mazungumzo yakaendelea pale yalipokuwa.

Venance alijaribu. Alisema mama hataki, aulizwe. Wakamwambia yeye ndiye fundi wa ukuta ulioanguka, anyamaze. Nikasema kosa ni langu, baraza lilikuwa langu. Hakuna aliyeuliza maana yake. Niligundua kwamba hawajali maji yalipitia wapi. Wanajua kuna mjane ambaye chumba chake kimeanguka, na nyumba ya simenti Rombo.

Baadaye, nje, nilimuuliza Venance mzee aliwezaje kuwashinda watu hawa.

"Aliandika," akasema. "Kwa mkono wake, mwaka mmoja kabla. Akampa paroko nakala. Hawakuwa na la kufanya. Angesema kwa mdomo tu, leo kaburi liko Rombo."

Mei 28

Tumefunga mizigo ya mama, ya safari ya Rombo. Masanduku mawili na beseni.

Mei 30

Mama ameniuliza kama Rombo kuna baridi mwezi huu. Kana kwamba mimi ndiye mwenyeji wa huko.

Juni 1

Nimemweleza Rogath kuhusu hofu ya mama, kuhusu kaburi. Alisikiliza hadi mwisho. Amesema, "Mama bado mzima, mbona mnamzika?" Kisha akasema kwa upole kwamba anachoka, na kweli amechoka, macho mekundu. Amebakiwa na siku mbili za ruhusa.

Juni 2

Stendi saa mbili na nusu. Basi la Moshi lilikuwa tayari linaunguruma. Mama kakaa dirishani, kitenge kichwani, mkoba mapajani. Rogath alikuwa nyuma ya basi akibishana na kondakta juu ya beseni. Venance hakuja. Alisema hawezi.

Nilisimama chini ya dirisha.

"Clara," mama akasema. Huwa haniiti jina. "Nikifa huko, mnirudishe."

"Tutakurudisha, mama."

"Tutakurudisha, ni akina nani hao?"

Mke wa mtoto hakai kwenye kikao cha mazishi, anapika. Nilimwona anangoja jibu na nikaona kwamba anajua sina. Kisha nikakumbuka maneno ya Venance, nikafungua mkoba, nikachana ukurasa wa nyuma wa daftari hili na kumpa pamoja na kalamu, kupitia dirishani.

"Andika, mama. Andika kwamba unataka kuzikwa Nakwa, jina lako kamili, tarehe, kisha sahihi. Nipe kabla hamjaondoka, nitampelekea paroko leo leo."

"Miwani iko sandukuni."

Sanduku lilikuwa kwenye buti, na buti kondakta alikuwa ameshaifunga kwa mguu.

"Andika hivyo hivyo. Kubwa kubwa."

Aliweka karatasi juu ya mkoba. Aliandika E, akaisogeza karatasi mbali na macho, akaandika m. Mama alisoma hadi darasa la nne na hajaandika barua tangu simu zije. Nilimtajia jina lake herufi kwa herufi, Emerensiana, kama ninavyomtajia Evelyne imla. Rogath akapanda, akakaa pembeni yake, akauliza, "Mnaandika nini?" Hakuna aliyemjibu. Mlango ukafungwa. Nikagonga ubavu wa basi kwa kiganja, dereva akadhani namuaga, akanipungia.

"Mama, nipe. Nipe hivyo ilivyo."

Hakunisikia kwa sababu ya injini, au alisikia. Nilitembea sambamba na dirisha hadi kwenye geti la stendi. Basi limeondoka saa tatu na dakika kumi. Alikuwa ameinamisha kichwa, bado anaandika.